Kuzamia kwa mitungi ya hewa: kwa nini hatari kubwa iko katika kurudi juu

Tarehe 29 Septemba 2019, gari lililokuwa na mama na binti yake liliteleza kutoka kwenye feri katika kivuko cha Likoni, mjini Mombasa, likazama. Liliinuliwa tarehe 11 Oktoba kutoka kina cha karibu mita 58. Katika siku zote hizo, watu waliosimama ufukoni, na wengine waliofuatilia habari kwa redio, waliuliza swali moja: ikiwa wazamiaji wapo na mitungi ya hewa wanayo, kwa nini hawashuki tu wakalitoa?

Mikondo ya maji, giza la kina na tope vilikuwa sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ya jibu imo ndani ya mwili wa binadamu mwenyewe. Kwa mzamiaji, kushuka si jambo gumu. Uzito wa risasi kiunoni humsaidia. Jambo gumu ni kurudi juu akiwa mzima. Makala haya yanaeleza sababu yake, na kanuni zinazomkinga mtu anayezamia, awe ni mtalii wa Watamu au Mnemba, mwokoaji, au kijana anayetafuta majongoo bahari kwa ajili ya riziki yake.

Mgandamizo wa maji na hewa tunayoivuta

Juu ya nchi kavu, kwenye usawa wa bahari, hewa yote iliyo juu yetu inatulemea, lakini hatuihisi kwa sababu tumeizoea tangu kuzaliwa. Maji ni mazito zaidi kuliko hewa. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa anga nzima. Kwa hiyo, mtu aliye mita 10 chini ya maji hubeba mgandamizo mara mbili ya ule wa juu. Mita 30, mara nne. Na katika kina cha Likoni, karibu mara saba.

Mwili haupondeki kwa uzito huo, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, na maji hayagandamiziki kwa urahisi. Kinachobadilika ni hewa. Kifaa cha kupumulia ambacho mzamiaji huking'ata mdomoni kimeundwa ili kimpe hewa yenye mgandamizo sawa na ule wa maji yanayomzunguka. Bila hivyo kifua chake kisingeweza kutanuka. Maana yake ni kwamba pumzi moja anayovuta kwenye mita 30 ina hewa mara nne ya pumzi anayovuta akiwa juu ya mashua.

Hapo hutokea mambo mawili. La kwanza, mtungi humalizika haraka mara nne zaidi. La pili, ambalo halionekani wala halihisiwi, ni kwamba gesi nyingi zaidi huyeyuka ndani ya damu. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Mwili hauitumii gesi hiyo kwa lolote. Huingia na kutoka kama mgeni apitaye. Lakini mgandamizo unapozidi, naitrojeni husukumwa kutoka mapafuni hadi kwenye damu, na kutoka kwenye damu hadi kwenye misuli, mafuta, viungo, ubongo na uti wa mgongo. Kadiri mtu anavyokwenda chini zaidi, na kadiri anavyokaa huko muda mrefu zaidi, ndivyo mzigo huo unavyoongezeka.

Ilimradi mzamiaji yuko chini, mzigo huo haumdhuru viungo. Hatari huanza anapopanda. Mfano wake ni chupa ya soda. Ikiwa imefungwa, huoni kitu ndani yake ila maji yenye rangi. Ukiifungua kwa ghafla, gesi iliyokuwa imeyeyuka hutoka kwa nguvu na kufanya viputo. Ukiilegeza kifuniko kidogo kidogo, gesi ile ile hutoka kwa utulivu. Mzamiaji anayepanda polepole huipa naitrojeni nafasi ya kurudi mapafuni na kutoka kwa pumzi. Anayekimbilia juu huifungua chupa kwa mara moja, na viputo hutokea ndani ya damu na nyama yake.

Jinsi ugonjwa ulivyojulikana

Mwaka 1670, Robert Boyle wa Uingereza aliandika kuhusu nyoka aliyemweka ndani ya chombo kisha akaiondoa hewa. Alikiona kiputo kikitembea ndani ya jicho la nyoka huyo. Ilipita karne moja na zaidi kabla ya wanadamu kupatwa na jambo hilo kwa wingi, na waliopatwa kwanza hawakuwa wazamiaji. Walikuwa vibarua.

Katika karne ya 19, wahandisi waliojenga nguzo za madaraja ndani ya mito walitumia masanduku makubwa yasiyo na sakafu, yaliyojazwa hewa yenye mgandamizo ili maji yasiingie. Wafanyakazi walichimba ndani yake kwa saa kadhaa, kisha wakatoka nje. Wakiwa ndani walikuwa wazima. Baada ya kutoka, wengine walishikwa na maumivu makali ya viungo, wengine wakapooza, na wengine wakafa. Katika ujenzi wa daraja la Brooklyn, mjini New York, mhandisi mkuu Washington Roebling mwenyewe aliugua mwaka 1872 na afya yake ikaharibika. Mke wake, Emily Roebling, ndiye aliyekuwa akipeleka maagizo na kusimamia kazi kwa niaba yake hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1883.

Mwaka 1878, mwanasayansi wa Ufaransa Paul Bert alithibitisha kwamba chanzo cha maradhi hayo ni viputo vya naitrojeni. Miaka 30 baadaye, mwaka 1908, John Scott Haldane wa Uingereza na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa mbuzi ndani ya chumba cha mgandamizo. Mbuzi aliyeumwa aliinua mguu wake mmoja, na kwa ishara hiyo watafiti walijua kasi ipi ya kupunguza mgandamizo inadhuru na ipi haidhuru. Haldane alipendekeza mzamiaji apande kwa vituo, akisimama kila kituo kwa muda uliopimwa. Majedwali yake yalitumiwa na jeshi la majini la Uingereza, na msingi wake ungali hai ndani ya kompyuta ndogo ambazo wazamiaji wa leo huzivaa mkononi.

Mwaka 1943, Jacques Cousteau na Émile Gagnan wa Ufaransa walitengeneza kifaa cha kupumulia kilichomwezesha mtu kuogelea huru chini ya maji akiwa na mtungi mgongoni. Tangu hapo bahari ikawafungukia watu wengi mno, na ugonjwa wa vibarua wa madaraja ukawa ugonjwa wa wazamiaji.

Dalili zake

Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa sita za kwanza baada ya mtu kutoka majini, na mara nyingi ndani ya saa ya kwanza. Chache huchelewa hadi siku inayofuata. Iliyo ya kawaida ni maumivu mazito ndani ya bega, kiwiko au goti, ambayo hayapungui kwa kukandwa. Ngozi huweza kuwasha na kufanya mabaka. Mtu huweza kuchoka kupita kiasi cha kazi aliyoifanya.

Dalili za hatari zaidi ni zile za mishipa ya fahamu: ganzi, miguu kuishiwa nguvu, kushindwa kukojoa, kizunguzungu, kuona vibaya, au maneno kuchanganyika. Hizo huonyesha kwamba viputo vimegusa uti wa mgongo au ubongo, na kila saa inayopita ina thamani.

Kosa lililo la kawaida kuliko yote ni kuzikana dalili hizo. Bega linalouma husemwa kuwa limechoka kwa kubeba mtungi. Ganzi husemwa kuwa ni baridi, na huenda jirani mwingine akasema ni upepo mbaya au jini la baharini. Mgonjwa hulala akitumaini kuamka mzima, na asubuhi hawezi kusimama. Kanuni ya madaktari wa fani hii ni nyepesi kukumbuka: maumivu au ganzi yoyote inayotokea baada ya kuzamia kwa mtungi ihesabiwe kuwa ni ugonjwa wa wazamiaji mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Madhara ya mapafu

Liko dhara la pili la kupanda, tofauti na hili la naitrojeni, nalo huua kwa dakika chache. Hewa hutanuka mgandamizo unapopungua. Mzamiaji anayepanda kutoka mita 40 hadi mita 30 huiona hewa ya mapafuni ikiongezeka kwa robo tu. Lakini kutoka mita 10 hadi juu, hewa hiyo hiyo huwa mara mbili. Akiwa ameizuia pumzi, mapafu hupasuka, na hewa huingia kwenye mishipa ya damu na kukimbilia ubongoni. Jambo hili limetokea hata katika kina kinachozidi mita moja kwa kidogo tu, ndani ya mabwawa ya mafunzo.

Ndiyo maana somo la kwanza la mwanafunzi yeyote wa kuzamia kwa mtungi ni hili: pumua daima, usizuie pumzi kamwe. Mvuvi aliyezoea kuzamia kwa pumzi yake mwenyewe hana budi kulishika somo hili kwa nguvu zaidi, kwa maana mazoea yake yote ni kinyume chake. Aliyevuta pumzi juu ya maji hurudi na hewa ile ile aliyoshuka nayo. Aliyevuta pumzi kutoka mtungini akiwa chini hurudi na hewa ambayo haina nafasi ya kutosha ndani ya kifua chake.

Kanuni za kupanda salama

Ulinzi huanza kabla ya kushuka. Jedwali au kompyuta ya mkononi huonyesha mtu anaweza kukaa muda gani katika kila kina na bado akaweza kupanda moja kwa moja bila vituo vya lazima. Kwa mujibu wa jedwali moja linalotumiwa sana na wazamiaji wa starehe, muda huo ni dakika 56 kwa mita 18, dakika 20 kwa mita 30, na dakika 9 tu kwa mita 40. Mita 40 ndio mpaka wa uzamiaji wa starehe, na aliyemaliza mafunzo ya awali huelekezwa asipite mita 18.

Mpaka huo una sababu nyingine. Kuanzia karibu mita 30, naitrojeni huanza kulevya. Mzamiaji huchelewa kufikiri, husahau kutazama kipimo cha hewa, na hujiona shujaa. Dawa yake ni kupanda mita chache, na ulevi hutoka.

Katika kupanda, mashirika mengi ya mafunzo leo yanashauri mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, ambao kwa mtu asiyezoea huonekana kama kutokwenda kabisa. Afikapo mita 5, mzamiaji husimama kwa dakika tatu hadi tano, hata kama jedwali halimlazimishi. Hewa ya kituo hicho ni lazima iwe imewekwa akiba tangu mwanzo. Hakuna hatari kama ya mtu anayeishiwa na hewa huku angali na deni la kusimama njiani.

Sasa swali la Likoni linaweza kupata jibu. Katika kina cha mita 58, mtu anayepumua hewa ya kawaida amekwisha kulewa. Akifanya kazi huko kwa dakika 20, hudaiwa muda mrefu zaidi ya huo katika kupanda, akishikilia kamba ndani ya mkondo. Kazi ya namna hiyo huhitaji mchanganyiko maalumu wa gesi, wazamiaji wa akiba, na chumba cha matibabu kilicho tayari. Kumtuma mtu bila hayo ni kuongeza idadi ya wahanga.

Kanuni nyingine ni hizi: kutozamia peke yako; kupumzika saa za kutosha kati ya mbizi moja na nyingine, kwa sababu naitrojeni ya mbizi ya kwanza bado imo mwilini; kunywa maji ya kutosha; na kutofanya kazi nzito mara baada ya kutoka. Kuzifuata hupunguza hatari sana, ingawa hakuifuti kabisa. Wapo walioshika kila kanuni na bado wakaugua, na hao hawana sababu ya kuona aibu kuomba msaada.

Ndege, milima na maziwa

Hatari haiishi ufukoni. Ndani ya ndege ya abiria, mgandamizo wa hewa huwa kama ule wa juu ya mlima wa hadi mita 2,400. Naitrojeni iliyokuwa imetulia huweza kufanya viputo angani. Wataalamu wanashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima, saa 18 baada ya mbizi kadhaa, na zaidi ya saa 24 kwa aliyelazimika kusimama njiani.

Mlima una hukumu ile ile. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na aliyezamia Diani asubuhi anaweza kufika huko kwa treni kabla ya usiku. Barabara inayopanda kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama huvuka mita 2,000. Busara ni kuichukulia safari kama hizo kuwa sawa na safari ya ndege.

Kwa wazamiaji wa maziwa kuna hesabu ya ziada. Ziwa Nyasa, ambalo majirani zetu wa Malawi huliita kwa jina la nchi yao, liko karibu mita 475 juu ya bahari. Tanganyika, karibu mita 770. Kivu, karibu mita 1,460. Samaki wa mapambo wa Nyasa na Tanganyika hukamatwa na wazamiaji na kuuzwa ng'ambo. Majedwali ya bahari hayafai kutumiwa kama yalivyo mahali palipo juu ya mita 300, kwa sababu anayetoka majini huko hutokea kwenye hewa nyepesi zaidi. Kina kile kile na muda ule ule vilivyo salama baharini huweza kumdhuru ziwani.

Wanaozamia kwa ajili ya riziki

Mtalii ana mwalimu, kompyuta na bima. Mzigo mkubwa wa ugonjwa huu katika ukanda wa magharibi wa Bahari ya Hindi unawaelekea wengine: wanaotafuta majongoo bahari, ambao huuzwa katika masoko ya Asia Mashariki. Majongoo wa maji madogo walipopungua kwa kuvunwa mno, wavunaji walikwenda kwenye maji makubwa, baadhi yao kwa mitungi. Wengine huvuta hewa kwa mpira uliounganishwa na kompresa iliyo juu ya mashua. Anayelipwa kwa idadi ya majongoo hana sababu ya kupanda mapema. Na kwa kuwa kompresa haiishiwi na hewa kama mtungi, hakuna kitu cha kumkumbusha.

Kompresa ina hatari yake nyingine. Ikiwa mdomo wake wa kuvutia hewa uko karibu na bomba la moshi wa injini, mzamiaji hupelekewa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, naye huzimia bila onyo. Mdomo huo uwekwe juu na upande utokako upepo.

Yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Kamba yenye jiwe, iliyofungwa mafundo kila mita 5, humwonyesha mzamiaji kina chake na kumpa mahali pa kushika katika kituo cha mwisho. Saa moja mkononi mwa mtu aliye juu ya mashua, ambaye kazi yake ni kuhesabu muda na kuvuta kamba unapokwisha, huokoa miguu ya vijana. Kuacha kupanda na kushuka mara kwa mara kwa siku moja ni kinga. Kuanza na mbizi ya kina kikubwa, kisha zile za kina kidogo, nako ni desturi njema. Na tajiri anayetoa mashua, kompresa na mafuta anastahili kuulizwa, kabla ya safari, ni nani atakayelipa nauli ya mgonjwa.

Mtu akiugua

Mgonjwa alazwe chali, au ubavuni ikiwa hajitambui. Apewe oksijeni safi mara moja, kwa barakoa inayobana vizuri, na aendelee nayo hata dalili zikipungua. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe maji. Asipewe pombe. Asirudishwe majini kwa nia ya kumtibu: njia hiyo, ambayo imejaribiwa na wavuvi wa nchi nyingi, humwongezea naitrojeni, na mtu aliyepooza huweza kuzama.

Tiba yenyewe hufanyika ndani ya chumba cha mgandamizo. Mgonjwa hurudishwa kwenye mgandamizo unaolingana na mita 18 za maji ili viputo vipungue, akivuta oksijeni safi, kisha hurejeshwa polepole. Utaratibu unaotumika zaidi duniani huchukua karibu saa tano, na huweza kurudiwa. Anayewahi hupona kwa urahisi zaidi. Lakini hata aliyechelewa kwa siku kadhaa apelekwe, kwa maana wengine hupata nafuu.

Vyumba hivyo ni vichache katika pwani ya Afrika Mashariki. Vimekuwapo Zanzibar na Mombasa. Asafirishwe kwa mashua au gari lisilopita milimani. Ikilazimu ndege, iruke chini sana au iwe na uwezo wa kushikilia mgandamizo wa usawa wa bahari. Waandamanaji wake wamweleze daktari kina alichofika, muda aliokaa, mara alizoshuka siku hiyo, na saa dalili zilipoanza.

Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kuvaa mtungi, yapo maswali manne ya kumuuliza mwenye mashua. Je, oksijeni ipo ndani ya chombo, na imejaa? Nani anayeshika saa? Chumba cha mgandamizo kilicho karibu kiko wapi, na kinafanya kazi leo? Nani anayejua nambari ya simu yake? Mwenye mashua anayeweza kuyajibu bila kusitasita ameshafanya nusu ya kazi ya usalama. Asiyeweza, afadhali asubiriwe ufukoni.